Mgeni Aambiwe Hakuna

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba aliondoka Mkange kwenda Pangani kutafuta kibarua cha mkonge, na hakurudi. Wapo waliosema amekufa, wapo waliosema ameoa. Mama hakuuliza. Aliuza mbuzi wetu, akanitoa shule nikiwa darasa la tatu, akanipeleka Bagamoyo kwa shangazi nikamsaidie kazi za nyumba. Shida yangu ilianzia hapo.

Nayaandika haya sasa nimestaafu, kwa ajili yenu mnaotandika vitanda katika nyumba za wageni za pwani hii. Vyeti vya hoteli mlivyo navyo ninyi, mimi sina hata kimoja. Lakini nimetandika kwa miaka ishirini na sita, na sijamlaza mgeni hata mmoja juu ya shuka la mtu mwingine. Vyeo siviandiki, na mishahara imeshaliwa zamani. Naandika kazi.

Niliolewa, nikaachwa, nikabaki na watoto wawili. Wa kwanza ni Rehema, ndiyo maana wengi wenu mnanijua kwa jina la Mama Rehema tu. Nilifua nguo za watu wa mji mkongwe, nyumba hadi nyumba. Mmoja wa niliowafulia alikuwa Bi Chausiku, msimamizi wa vyumba katika nyumba moja ya wageni ambayo jina lake silitaji, maana wenyewe wapo na wananisalimia. Siku moja alilishika shuka nililofua, akaliinua kwenye jua, akalitazama kama mtu anayesoma barua.

"Nani alikufundisha kufua?"

"Sikufundishwa, Bi Chausiku."

"Umefua vizuri, umeanika vibaya. Kamba imeacha mstari. Kesho njoo kazini."

Kesho yake nilifika na kanga safi, nikidhani nitapewa ufagio. Hakunipa kitu. Alinipeleka chumba cha kwanza, akaonyesha kitanda.

"Lala."

"Nilale mimi?"

"Yuko mwingine hapa? Lala chali utazame juu. Unaona nini?"

"Buibui."

"Mgeni naye atamwona huyohuyo. Wewe ukisimama mlangoni utaona chumba kisafi. Mgeni hakai mlangoni."

Siku ile nililala vitanda tisa, na mchana wake nikaangua utando wa buibui katika vyumba tisa. Mpaka leo sijaona mafunzo bora kuliko yale. Nimeona wasimamizi waliosomea ng'ambo wakikagua chumba kwa kusimama katikati na kugeuka kama feni. Hawaoni kitu.

Bi Chausiku ndiye aliyenifundisha kunguni. Kunguni hatafutwi katikati ya godoro. Unapitisha kidole kwenye mshono, polepole, unatafuta vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Ukiingia chumba kilichofungwa ukasikia harufu kama dhania iliyolala, usiseme kitu mbele ya mgeni, lakini usitoke humo na shuka begani. Shuka linakunjwa palepale, ndani kwa ndani, linaingia kwenye maji yanayochemka. Kitanda kinatolewa juani saa sita, maji ya moto yanamwagwa kwenye maungio ya mbao. Dawa za madukani zinawahamisha tu chumba, wanakwenda kwa jirani wanarudi na shemeji zao.

Na lipo jambo moja alilonifundisha ambalo lilinigharimu, na ndilo hasa lililonikalisha niandike.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Tabora alitoka chumbani na shati mkononi, akauliza kama tuna pasi. Hatukuwa na pasi. Bi Chausiku akajibu bila kupepesa, "Ipo, baba. Subiri kidogo tu." Akatoka mlango wa uani, akavuka uchochoro, akaingia kwa jirani, na kabla yule bwana hajamaliza kahawa yake, pasi ya mkaa ilikuwa mezani, imeshapata moto.

"Mgeni haambiwi hakuna," aliniambia baadaye. "Hakuna ni aibu ya mwenye nyumba. Sema ipo, kisha ukailete."

Ninyi mliokulia miji hii mnajua hatuzungumzii hoteli. Hivyo ndivyo tulivyolelewa majumbani. Mgeni akiomba kahawa na kahawa imekwisha, mama anaitika barazani huku binti anachepuka uani na kikombe kwenda kwa jirani. Mgeni hajui, na hatakiwi kujua. Niliona ni ustaarabu mkubwa, na bado naona.

Bi Chausiku magoti yalimchosha, akapumzika kwake. Mwenye nyumba, Hajjat, alikuwa akiishi Dar es Salaam, na wakati ule wageni nao walikuwa wanabadilika. Walianza kuja vijana wa Kizungu wenye mashanta makubwa mgongoni, wanaotaka kulala kwa bei ya chini kabisa. Hajjat akavunja kuta mbili, akafanya bweni, akaweka vitanda vya dabodeka, akamweka mpwa wake awe meneja. Huyo ni Bwana Kassim.

Bwana Kassim hakuwa mtu mbaya. Alinukia vizuri na alizungumza lugha nne. Kwa Kiswahili alisema ipo, kwa Kiingereza alisema ipo, kwa Kifaransa na Kiarabu alisema ipo. Tofauti yake na Bi Chausiku ni kwamba akishasema alibaki kitini.

Kwenye picha ambazo wageni waliziona katika simu zao kulikuwa na ufukwe mweupe na maji ya bluu mbele ya mlango. Ufukwe ule sijui ni wa wapi. Mbele ya mlango wetu kulikuwa na fundi baiskeli. Bafu lilikuwa na koki mbili, nyekundu na bluu, na zote zilitoa maji ya namna moja, pale zilipoamua kutoa. Ufunguo wa chumba cha pili ulifungua na cha nne, na stoo. Vyandarua tulivifunga mafundo kila palipotoboka, mpaka mafundo yakawa mengi kuliko chandarua. Pampu ya kisima iliungua, tukawa tunaletewa maji ya mkokoteni na kuyamimina katika tanki lenye ukungu wa kijani kwa ndani. Mgeni akiuliza, Bwana Kassim alijibu kwamba fundi yuko njiani. Fundi huyo alikaa njiani miezi minne.

Nasi wengine hatukuwa bora. Kila Ijumaa baada ya swala Hajjat alikuja, akaketi barazani, akauliza, "Haya, mambo yote salama?" Nasi tukasimama kwa safu kama watoto wa chuo, tukajibu, "Salama, Hajjat, alhamdulillahi." Akanywa kahawa yake, akarudi Dar.

Filipa alifika Jumamosi moja, adhuhuri, jasho likimchuruzika, shanta lake kubwa kumzidi. Alikuwa Mreno, miaka ishirini na mitano au sita. Alikuwa amekaa Tanga mwezi mzima akijifunza Kiswahili, na alikuwa na kidaftari alichoandika maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Ahsante. Nimechoka kama punda."

Hilo alifundishwa Tanga, nina hakika. Bwana Kassim akatoka kumpokea. Maji ya moto yapo, intaneti ipo, kifungua kinywa chenye mayai kipo. Filipa akaingia bwenini. Baada ya muda mfupi akaja uani na taulo begani.

"Mama, maji ya moto yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yanatoka wapi?"

Swali hilo lilikuwa jipya. Hakuna aliyewahi kuliuliza. "Yanatoka kwa Bwana Kassim," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Basi nitaoga baridi. Mwambie asikimbie."

Wageni wengine wa aina yake hugomba, na wana haki. Yule alioga baridi, akafua soksi zake mwenyewe, akaanika kwenye kamba bila kuacha mstari. Nikamweka akilini.

Siku ya pili alinikuta bwenini nimeparamia kitanda cha juu kama paka, goti moja kwenye godoro, nahangaika kuchomeka shuka upande wa ukutani. Akasimama akitazama. Mimi sipendi kutazamwa kazini.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Kazi hii ni yangu pia," akasema. "Kwetu. Hotelini. Vyumba kumi na sita kwa siku moja. Wakati wa baridi nafanya, halafu natembea."

Sikumwamini. Mzungu anatandika nyumbani kwake kisha anakuja kwetu kutandikiwa? Nikashuka, nikampa shuka nimwone. Hakupanda popote. Alilivuta godoro kuelekea kwake nusu nzima, akachomeka upande wa mbali likiwa liko wazi mbele yake, akalisukuma likarudi ukutani, akamalizia upande wa karibu. Kona zimekaa kama bahasha. Na mimi nilikuwa nimeparamia vitanda vile miaka miwili.

Nilimwambia tu, "Si vibaya." Lakini tangu siku ile mimi na kila niliyemfundisha tunavuta godoro, na yeyote anayewaambia mbinu hiyo ni yangu, mwambieni ni ya Filipa.

Nami nikamlipa. Nikamwonyesha vidoa vya pilipili manga kwenye mshono, nikamnusisha godoro la kona ambalo nilikuwa nalishuku. Akaandika katika kidaftari chake neno dhania. Tulitandika vitanda kumi pamoja, tukiwasema mabosi.

"Bosi wako mbaya?" akauliza.

"Si mbaya. Mvivu."

"Wangu si mvivu. Mbaya."

Siku ya tatu alikwenda Kaole kwa miguu, akarudi alasiri uso umekuwa mwekundu kama embe. Pale barazani tulikuwa na ndoo yenye koki, ya maji ya kunywa. Kila asubuhi mpishi wetu aliyachemsha, akayapoza, akayajaza. Siku ile mpishi alikuwa msibani Mapinga. Ndoo ilijazwa moja kwa moja kutoka kwenye tanki. Nilijua, kwa sababu niliona ikijazwa.

Filipa akaja na chupa yake tupu. Akafungua kidaftari, akasoma polepole, vizuri kabisa.

"Mama, maji haya yamechemshwa?"

Nikasema, "Yamechemshwa, mwanangu."

Naapa sikukusudia mabaya. Neno lilitoka kama salamu inavyotoka. Mgeni ameuliza, mwenye nyumba hamwambii hakuna. Nia yangu ilikuwa niingie uani, nichemshe sufuria moja upesi, nibadilishe ndoo, neno langu liwe kweli. Nikamwambia, "Subiri kidogo yapoe," nikaingia jikoni. Nikawasha gesi, mtungi umekwisha. Nikatoka mlango wa nyuma kwenda kwa jirani kuomba mkaa, kama nilivyofundishwa, nikakuta jirani naye amefunga mlango, yuko msiba uleule. Nilikwenda mpaka nyumba ya tatu. Niliporudi na mkaa kwenye kanga, Filipa alikuwa ameshakunywa vikombe viwili, amejaza na chupa, anakwenda zake kulala.

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Ningeweza kusema, mwanangu, mwaga hayo. Nilifungua mdomo. Nikaona haya. Nikajiambia wangapi wanakunywa maji ya tanki hawafi, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Asubuhi hakuja kunywa chai. Saa nne nikaingia bwenini kutandika, nikamkuta amejikunja, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Alikuwa ameharisha na kutapika mpaka hakubakiwa na kitu. Nilimshika mkono, ngozi niliyoibana ilibaki imesimama. Nilizika mdogo wangu Mkange akiwa na ngozi ya namna ile.

Nikamwita Bwana Kassim. Alisimama mlangoni, leso puani.

"Mpe soda, atapona."

"Hataponea soda. Naita bajaji."

Akanifuata mpaka nje. "Mama Rehema, sikiliza. Wakikuuliza zahanati, amekula pweza wa barabarani. Sawa? Pweza. Ukitaja maji, nyumba inafungwa, na wewe na mimi hatuna kazi. Una nini kingine wewe?"

Alisema kweli. Sikuwa na kingine. Rehema alikuwa bado yuko chuo cha ufundi, na nyumba niliyokaa ilikuwa ya kupanga.

Zahanati tulipokelewa na daktari msichana, mkali, hana muda wa maneno. Akamlaza Filipa, akatafuta mshipa wa dripu.

"Amekula nini? Amekunywa nini?"

Nilikuwa na pweza mdomoni, kwa kusema hivyo, na simtemi wala simmezi. Filipa akafumbua macho. Sauti haikufika mbali.

"Maji ya hosteli. Lakini yamechemshwa. Mama amesema."

Daktari akaandika. Akawa anaondoka, anasema basi itakuwa chakula.

"Hayakuchemshwa," nikasema.

"Umesema?"

"Hayakuchemshwa. Ya tanki. Nilimwambia yamechemshwa."

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza, "Wangapi wengine wanayanywa?"

"Wanne."

"Sasa hivi?"

"Ndoo iko barazani."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Nilimtazama Filipa. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Nikatoka mbio, mtu mzima na kanga yangu, mpaka barazani. Wageni wawili walikuwa mezani na vikombe. Niliinua ndoo ile nzima, nikaimwaga uani mbele yao. Kwa Kiingereza changu cha vyumbani nikawaambia maji mabaya, mabaya, msinywe. Kama hawakuelewa maneno, waliyaona maji yanavyokwenda.

Bwana Kassim akatoka. "Unafanya nini mbele ya wageni?"

"Namwaga."

"Nilikwambia ni pweza."

"Nimemwambia daktari ni maji."

"Leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Haya. Lakini mkaa ninao, acha nichemshe kwanza."

Nilichemsha sufuria tatu, nikaijaza ndoo. Sikuondoka, naye hakunitoa. Nadhani alikuwa anamngoja Hajjat aje afanye kazi hiyo, kama kazi nyingine zote.

Kila siku nilikwenda zahanati asubuhi na jioni, na uji na chupa ya chai yenye maji niliyochemsha mwenyewe. Uji aliunywa. Maji yangu hakuyagusa, alikunywa ya zahanati. Hakusema neno. Sikumlaumu. Nilikaa kwenye benchi, nikakunja nguo zake, nikaondoka.

Siku aliyoruhusiwa ilikuwa Ijumaa. Nilimleta kwa bajaji, anatembea ameshika ukuta, na Hajjat yuko barazani na kahawa yake. Bwana Kassim alikuwa ameshamaliza kueleza.

"Pole, binti yangu," Hajjat akamwambia Filipa. "Nimesikia pweza wa barabarani amekudhuru. Watu wale si wasafi."

Filipa alimtazama Hajjat, akamtazama Bwana Kassim.

"Mimi sili pweza," akasema. "Sili samaki, sili nyama. Nakula mboga tu."

Hajjat akaweka kikombe chini. Akageuka kwetu, safu yetu ya kila Ijumaa.

"Haya. Mambo yote salama?"

Wenzangu wakaanza, "Salama, Ha..."

"Hapana, Hajjat," nikasema. "Hayako salama."

Nikayataja. Pampu. Tanki. Gesi. Ufunguo. Vyandarua. Godoro la kona lenye kunguni. Picha ya ufukwe. Na maji ya ndoo, na kwamba mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilimwambia binti huyu yamechemshwa nikijua hayakuchemshwa. Sikusaza langu.

Hajjat hakupandisha sauti. Aliagiza glasi ya maji kutoka kwenye tanki. Ikaletwa, ina vitu vinaelea. Akamsogezea mpwa wake.

"Kunywa."

"Shangazi, mbele za watu..."

"Umesema ni pweza. Maji basi hayana neno. Kunywa, mwanangu."

Bwana Kassim hakunywa. Hajjat akaimwaga glasi kwenye chungu cha maua, akaniita mimi.

"Sikudhani. Wewe uko hapa tangu enzi ya Chausiku. Ijumaa ngapi umeniambia salama?"

"Zote, Hajjat."

"Basi hujanidanganya pungufu ya huyu."

"Kweli."

"Nami nilipenda kuambiwa," akasema. Mwanamke wa heshima zake, amehiji, ana nyumba mijini, akasema hivyo mbele ya watumishi. Nimefanya kazi chini ya watu wengi tangu hapo, na sijasikia mwingine akisema. "Kuanzia leo nikiuliza, anza na yasiyo salama. Mazuri nitayaona mwenyewe."

Bwana Kassim alihamishiwa duka la familia Kariakoo, na nasikia anauza sana. Mimi nilibaki.

Filipa alikaa siku nyingine tatu akingoja nguvu. Jumamosi nikatoa ubao aliouandika Bwana Kassim, ule wenye orodha ya huduma zetu zote, nikaufuta kwa kitambaa. Nikaandika juu kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu: LEO HAKUNA. Chini yake nikaandika maji ya moto, intaneti, mayai. Nilikuwa nimesimama nafikiri la nne, mara nikasikia chaki inachukuliwa mkononi mwangu. Filipa akaandika Kiingereza chake pembeni, mstari kwa mstari. Akasoma.

"Umesahau ufunguo," akasema.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu zahanati. Nikaandika: ufunguo wa chumba cha pili unafungua na cha nne.

Nilimsindikiza stendi siku aliyoondoka kwenda Pangani. Nikabeba shanta mimi, akakataa, tukalibeba wote, kila mmoja upande. Kabla hajapanda nikamwomba radhi. Kwetu huachani na mtu uliyemkosea bila kuiomba, na nilikuwa nimeiahirisha vya kutosha.

Alifikiri. "Mimi pia nasema uongo hotelini," akasema. "Mgeni anauliza, taulo ni jipya? Nasema jipya. Lakini hakuna aliyeumwa."

"Bado."

Akacheka kidogo, cheko lake la kwenye ndoo lilikuwa halijarudi lote. "Nimekusamehe, mama. Lakini ukiniona tena, usiniambie yanakuja."

Wengi walisoma ubao ule mlangoni wakageuka. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, na Hajjat alikunja uso lakini hakunifutisha. Waliobaki hawakugomba na mtu. Pampu ilipotengenezwa nikafuta mstari, vyandarua vipya vilipokuja nikafuta mwingine. Siku hiyohiyo intaneti ikakatika, nikaandika tena. Katika miaka yangu yote haukuwa mtupu hata siku moja, na mkiona ubao wa namna hiyo mtupu, mjue aliyepaswa kuandika amelala.

Nilikwenda kumweleza Bi Chausiku. Nilidhani atanigombeza kwa kuvunja sharti lake. Alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikwambia useme ipo?" akauliza.

"Ulisema, Bi Chausiku."

"Nilisema sema ipo kisha ukailete. Wewe ulishika nusu ya kwanza. Ile nyepesi."

"Na kama pa kuitoa hakuna?"

Akasogeza miguu juu ya mto. Alikuwa mwalimu wangu, na sikutaka kumshinda. "Enzi zetu palikuwapo," akasema mwishowe. "Majirani hawakufunga milango." Kisha akaniambia niinue mto wake, na nilipouinua akanikemea kwamba foronya nimeigeuza upande wa mshono. Alikuwa sahihi. Mungu amrehemu, sijaona mkono kama ule.

Basi ninyi mnaoanza, laleni kwanza kwenye vitanda. Vuteni godoro, msiparamie. Mshono kwa kidole. Na mgeni akikuuliza kitu ambacho huna, mwambie huna, kisha kama waweza, kakitafute. Ukikipata atafurahi mara mbili. Usipokipata, hujamuua.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vitatu Mapinga, ya tofali za saruji, niliyoijenga kidogo kidogo tangu pakiwa pori, na hati yake ina jina langu. Kisima. Shamba la mama Mkange, ekari mbili, nalima ufuta. Mbuzi saba. Cherehani ya miguu. Seti kumi za mashuka meupe. Watoto wawili wanaojitegemea na wajukuu watano. Meno yangu karibu yote. Na chumba cha uani nachokipangisha kwa wapita njia, kina kitanda cha mninga, godoro jipya, chandarua kizima na dirisha linalotazama kusini. Feni hakina.